Kadi ya Madamu Odile na Pampu ya Kashikishi

Ninyi vijana mnaouza petroli siku hizi, juzi niliwaona. Mjukuu wangu alinipakia kwenye gari lake, tukasimama pale kwenye pampu mpya ya Nchelenge, akatoa mkono dirishani akiwa na kadi. Kijana wa pampu akaichukua bila kuitazama, akaichomeka kwenye kimashine chake, akairudisha. Hakusoma jina. Mjukuu wangu naye hakumtazama kijana, alikuwa anaongea na simu. Mimi nilikaa nyuma na kikapu changu cha muhogo, na roho ikaniuma.

Msidhani iliniuma kwa sababu ya adabu. Adabu nitaisema baadaye. Iliniuma kwa wivu. Mtoto niliyemfuta kamasi ana kadi yenye jina lake, na mimi niliyekula petroli kwa mdomo wangu sina. Mniwie radhi, mimi ni mtu wa wivu tangu zamani. Wengine huuficha kama jipu la pajani, mimi wangu nautembeza barabarani. Kwa hiyo mkinisikiliza leo, mjue mnafundishwa kazi ya petroli na bibi mwenye kijicho, na kijicho hicho hicho ndicho kilichonipa kazi.

Watu wa hapa wananiita Bana Chileshe, mama wa Chileshe. Ndivyo tunavyomwita mwanamke aliyezaa, na ni heshima, sikatai. Mume wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa Bashi Chileshe, baba wa Chileshe. Miaka ile ya hamsini alikuwa kapitao, yaani msimamizi, wa pampu katika ua wa Mgiriki mmoja hapa Kashikishi. Nchi yetu ilikuwa bado ya Waingereza, na ng'ambo ya ziwa letu ilikuwa Congo ya Wabelgiji. Mgiriki alinunua samaki, akawalaza kwenye barafu na kuwapeleka Congo, tukamwita Bwana Barafu. Malori yake yalikunywa petroli na boti zake za injini zilikunywa petroli, basi kampuni ya mafuta ikamwekea pampu na bango la bluu.

Pampu yenyewe mngeicheka. Ilikuwa ndefu kuliko mtu, na juu yake kulikuwa na chupa kubwa ya kioo. Unavuta mpini huku na huku mpaka mabega yanawaka, petroli inapanda kwenye kioo, mnunuzi anaiona kwa macho yake mwenyewe, kisha unaifungulia ishuke kwenye mpira. Hapakuwa na kudanganyana. Siku hizi namba zinakimbia kwenye kidirisha na watu wanaziamini, sijui kwa nini.

Mimi sikuajiriwa. Nilikuwa napeleka ubwali, ugali wetu, wa mchana, basi. Lakini Bashi Chileshe alikuwa mtu wa maneno mengi. Lori likiingia, yeye anamsalimia dereva, anauliza habari za Kilwa ile ya Congo na za Kasenga, anauliza mpaka habari za mbuzi wa dereva, na dereva anaangalia jua. Nikawa naweka sahani chini na kushika mpini. Baada ya muda wakaanza kuniita mimi kwanza, na yeye akaendelea na salamu. Mbele ya Bwana Barafu, hata hivyo, mimi nilikuwa mke wa kapitao aliyeleta chakula.

Aliyenifundisha hasa ni Papa Ilunga, dereva mzee wa Congo, mwenye vidole vyeusi kama mti uliochomwa. Petroli ilikuja kwa mapipa, na mapipa yalikuja na maji na kutu. Nilianza kuichuja kwa kitambaa cha chitenge, nikajiona fundi, mpaka lori la Papa Ilunga likakohoa na kuzima kabla hata ya kufika sokoni. Akarudi kwa miguu, akanionyesha nyuzi za chitenge changu alizozitoa kwenye injini. Hakunitukana. Akanipa kipande cha ngozi laini alichokuwa akifutia kioo cha lori.

"Mama, kitambaa inaachaka maji inapita," akaniambia. "Ngozi inasema hapana. Petroli inapita, maji inabakia. Na ukipokea pipa, usichote leo. Ulale kwanza, kesho uchote. Uchafu nayo inalalaka."

Siku nyingine alinikuta najaza dumu mpaka mdomoni. Akanishika mkono.

"Petroli iko sawa mama mukwe," akasema. "Umuachie nafasi. Ukimukaribia sana, utapata haya."

Kwetu mume hamkaribii mama mkwe wake, anampisha njia, kwa hiyo sikuhitaji maelezo zaidi. Asubuhi petroli ni baridi na imetulia. Jua likiipiga inavimba, inatafuta pa kutokea. Na ninyi kumbukeni hilo, hata kama mpira wenu siku hizi unajifunga wenyewe.

Sasa niwaambie kuhusu mbasela, kwa maana ndiyo iliyoleta mambo yote. Kashikishi ni mji wa samaki, na hakuna mtu hapa anayenunua fungu la samaki bila kuongezewa mmoja juu. Huyo mmoja ndiye mbasela. Asipotolewa, mnunuzi hageuki, anasimama pale pale anakutazama tu. Chumvi ina mbasela, unga una mbasela, hata kinyozi anakuongezea kukata kucha. Basi madereva wakaidai kwenye petroli, na Bashi Chileshe, ambaye alipenda kupendwa, akawapa. Baada ya kipimo kuisha anavuta mpini tena kidogo na kusema, "Hii ni ya roho." Lori lina tangi kubwa, halikuona tofauti. Bwana Barafu aliguna lakini aliacha, kwa sababu madereva walirudi.

Mwaka ule Bashi Chileshe alikuwa amepata alichokitamani siku zote, kuendesha lori la samaki. Pampu ingebaki bila kapitao. Na mimi, nawaambia wazi, niliitaka. Niliitaka ile funguo ya kufuli la pampu ining'inie shingoni mwangu na si shingoni mwa mwingine. Nilikuwa najua kazi yote. Nani angenishinda?

Alinishinda Kabaso, mdogo wake mume wangu, kijana mzuri wa sura asiyejua lipi ni pipa la mafuta ya taa na lipi ni la petroli. Bwana Barafu alikwisha kusema funguo itakwenda kwake mwisho wa mwezi. Nilipomwuliza mume wangu kwa nini si mimi, alicheka mpaka akashika ubavu.

"Mwanamuke kapitao? Bana Chileshe, batanicheka mpaka kule Puta."

Lakini tangu siku ile Kabaso akija kula kwetu nilimpakulia kichwa cha samaki na mkia, nyama ikabaki chunguni.

Katika hali hiyo ndipo ilipokuja habari ya kadi. Bwana wa kampuni ya mafuta alipita, akamweleza Bwana Barafu na Bashi Chileshe kwamba wasafiri wengine watakuja bila pesa mkononi. Watatoa kadi ya kampuni. Muuzaji anaandika namba ya kadi na kipimo kwenye kikaratasi, msafiri anatia sahihi, muuzaji anatia jina lake, kikaratasi kinakwenda mjini, na kampuni inalipana na msafiri huko alikotoka. Mume wangu aliponisimulia nilimwambia ameota. Mtu anafika nchi ya kigeni, hakuna anayemjua, hana mjomba wala kaka, anaonyesha karatasi na petroli inashuka? Mimi nilizaliwa hapa, na nikienda dukani kwa Bwana Barafu kuomba kipande cha sabuni mpaka Jumamosi, ananiuliza, "Bwana yako anajua?"

Kisha akaja Madamu Odile.

Alivuka ziwa kutoka Kilwa kwenye boti ya samaki, na pikipiki yake ilifungwa kwa kamba katikati ya matenga matupu. Wanaume waliipigania kuishusha. Alikuwa Mbelgiji, mwalimu wa shule huko Elisabethville, yuko likizo, peke yake, amevaa suruali ya kaki na miwani mikubwa ya vumbi. Anatalii tu. Anataka kupita kwetu, aende mpaka mji wa Abercorn, aingie Tanganyika, ageuke arudi. Nilitafuta mume nyuma yake, sikumwona. Akaisukuma pikipiki mwenyewe mpaka kwenye pampu yetu.

"Jambo baba. Jambo mama," akasema, kwa Kiswahili cha Congo safi kabisa. "Petroli iko?"

"Iko mingi, Madamu!" Bashi Chileshe akajibu, na nikaona amesimama wima kuliko kawaida. "Karibu sana. Unatoka Kilwa? Ziwa ilikuwa namna gani?"

"Ilikuwa muzuri. Baba, miye niko na kadi. Munakubali kadi hapa?"

Akaitoa kwenye kifuko cha ngozi. Kadi ngumu, ya rangi ya maziwa, ina picha yake ndogo, na jina lake limepigwa kwa mashine kwa nguvu hata herufi zimezama kwenye karatasi. Nilinyoosha mkono niione. Mume wangu akaiinua juu, kama unavyomwinulia mtoto kisu.

"Wacha, utaichafua."

Mikono yangu, vijana, ilikuwa safi kuliko yake. Nikarudi nyuma hatua moja nikaanza kuwaka. Najua watu wote pale walichodhani, kwamba namwonea yule mwanamke wivu kwa sababu ya mume wangu, maana alikuwa anamchekea kwa meno yote. Mume? Angemchukua siku hiyo hiyo kwenye kiti cha nyuma, ningempa na blanketi. Niliona wivu kwa ile kadi. Niliona wivu kwamba jina la mwanamke, lake mwenyewe, si la baba wala mume wala mtoto, linatangulia mbele yake katika nchi za watu na pampu zinafunguka.

Bashi Chileshe akajaza tangi la pikipiki. Tangi dogo, lenye umbo la yai, limekaa juu ya injini ambayo ilikuwa bado ya moto, maana fundi wa boti alikuwa ameiwasha aisikie inavyolia. Kipimo kikaisha.

"Inatosha, baba," Madamu akasema.

"Hapana, Madamu. Bado mbasela."

"Mbasela ni nini?"

"Ni ya roho. Mugeni hawezi kutoka Kashikishi bila mbasela."

"Petroli itapanda na jua, baba. Acha pale."

"Kidogo tu, Madamu! Kidogo tu!"

Akavuta mpini, akamimina mpaka petroli ikasimama mdomoni ikitetemeka, akafunga kifuniko kwa kiganja na kumtazama Madamu kama mtu aliyetoa ng'ombe. Kwangu hakuwahi kumimina kitu chochote mpaka juu, hata chai. Madamu akacheka, akatia sahihi kikaratasi, akatia kadi kwenye kifuko. Kisha Bwana Barafu akamwita barazani ale samaki kabla ya kushika barabara, na Bashi Chileshe akafuata ili aendelee na salamu.

Pikipiki aliachiwa Kabaso ailinde kivulini. Kabaso na kivuli wapi na wapi! Watu wote walikuwa upande wa soko. Akaisukuma polepole mpaka kule, akaiegesha juani karibu na vichanja ambako wanawake walikuwa wanakausha samaki wakubwa kwa moshi, akapanda juu na kukaa, akajitazama kwenye kioo. Upepo ulikuwa unatoka ziwani. Makaa chini ya vichanja yalikuwa mekundu.

Macho hayana pazia. Nilikuwa na mapipa ya kuchuja, lakini niliitazama ile pikipiki, sikuacha kuitazama. Nilikuwa namhesabia Kabaso makosa yake, na kumwazia Madamu barabarani, jinsi atakavyofika Abercorn na kusema jina lake tena, na tena. Mtu asiye na wivu angekwisha kurudi kwenye kazi yake.

Harufu ndiyo iliyoanza. Wengine walisikia samaki na moshi, mimi nikasikia petroli mahali ambapo petroli haipaswi kuwa. Nikaona mstari mweusi unashuka kutoka kwenye kifuniko, unapita ubavuni mwa tangi, unadondoka kwenye injini, na mchanga chini umelowa kuelekea makaa.

"Shuka!" nikapiga kelele. "Kabaso, shuka!"

"Mulamu, wivu itakuua," akanijibu, na shemeji yangu huyo hakujisumbua hata kugeuka. "Utapanda siku yako."

Wanawake wa vichanja wakacheka. Nikawaambia waache kucheka wamwage mchanga juu ya makaa, mchanga, si maji, maana maji yanaitembeza petroli. Kwa namna nilivyosema, mmoja akainama akaanza, na wenzake wakafuata, ingawa samaki wao walikuwa hawajaiva. Nikamvuta Kabaso kwa kola mpaka akaanguka. Nikashika usukani na kusukuma, na mchanga ulikuwa laini, gurudumu linazama, nikasukuma kwa kifua mpaka mwanamke mmoja akaja kunisaidia nyuma. Tukaipeleka kinyume cha upepo, mpaka kwenye kivuli cha ghala. Hapo nikafungua kifuniko taratibu, nikaingiza kipande cha mpira, nikavuta kwa mdomo. Petroli haina huruma. Ilinijaa mdomoni kabla sijaielekeza kwenye kopo.

Na hapo ndipo Madamu alipotokea, na Bwana Barafu, na mume wangu nyuma yao.

Fikirini walivyoniona. Kabaso yuko chini anajipangusa mchanga, pikipiki haiko ilipoachwa, na mimi nimeinama juu ya tangi la mgeni, mpira mdomoni na kopo la petroli mkononi.

"Eh, mama!" Madamu akasema. "Unafanya nini na petroli yangu?"

Sikuweza kujibu, mdomo ulikuwa umejaa.

"Madamu, pardon," Bashi Chileshe akadakia. "Bibi yangu eko na wivu. Tangu asubui eko na wivu. Pardon mingi."

Watu wakacheka, soko zima. Bwana Barafu hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, kisha kopo, na nilijua anachofikiri. Mwizi. Mwizi wa petroli kwenye pampu yake, mbele ya mgeni wa kampuni. Funguo niliiona inapotea, na lori la mume wangu linapotea pamoja nayo, maana nani atamwachia lori mume wa mwizi? Nikatema. Machozi yalikuwa yananitoka kwa ajili ya petroli, lakini si ya petroli yote.

"Angalieni chini," nikasema.

Ndilo neno pekee nililopata. Madamu akatazama chini. Mstari wa matone ulitoka miguuni pangu, ukarudi njia yote tuliyoisukuma, mpaka kwenye vichanja, ambako wanawake walikuwa bado wanamwaga mchanga. Akapitisha kidole chini ya tangi, akakinusa. Akatazama vichanja tena, kwa muda mrefu kidogo, na rangi ikamtoka usoni. Kisha akamgeukia mume wangu.

"Baba, nilikuambia inatosha."

Bashi Chileshe, yeye wa maneno mengi, akatazama ziwani kana kwamba kuna mtu anamwita kutoka Kilwa.

"Basi, imekwisha," Bwana Barafu akasema. "Hakuna kitu imeungua. Madamu, samaki inapoa."

"Haiyaisha," Madamu akasema. "Karatasi yenye nilitia sahihi ni ya bubongo sasa. Petroli yenye iko mu tukutuku si ile tuliandika. Ile ni jina yangu, Bwana. Siwekake jina yangu pa bubongo. Tuandike ingine."

Kwao bubongo ni uongo, na tukutuku ni pikipiki. Mnaona mtu huyo? Petroli ya thamani ya samaki wachache, na yeye anataka jina lake liwe juu ya kitu cha kweli. Nilimwonea wivu hata kwa hilo. Nikakitoa kilichobaki tangini, tukairudisha pikipiki pampuni, nikapima upya mbele yake, kipimo alichokuwa ameomba tangu mwanzo, na nikaacha nafasi juu, nafasi ya mama mkwe. Akaketi juu ya pipa na kikaratasi kipya.

"Nani amepima?" akauliza.

"Yeye," Bashi Chileshe akasema kwa sauti ndogo.

"Donc jina yake njo itaingia hapa, pa muuzaji. Jina yako ni nani, mama?"

"Bana Chileshe," mume wangu akajibu kwa niaba yangu.

"Hiyo ni jina ya mutoto. Jina yake mwenyewe?"

Nusu ya watu waliokuwa pale hawakulijua. Kabaso alikuwa amekula kwangu miaka, hakulijua. Nilimtazama mume wangu na nikaona anafungua mdomo, anaufunga, si kwa sababu amelisahau bali kwa sababu hakuwahi kulitamka mbele ya watu.

"Mwelwa," nikasema.

"Unajua kuandika, Mwelwa?"

Nilijua, misheni walinifundisha kabla sijaolewa. Akanipa kalamu, kisha akanipa kadi mkononi ninakili namba. Nikaishika. Nikapitisha kidole juu ya jina lake, herufi kwa herufi, zile zilizozama. Nilinakili namba, nikaandika Mwelwa chini yake, na herufi zangu zilikuwa kubwa kuliko zake na zimelala upande.

Ningependa kuwaambia kwamba hapo wivu uliisha, tukakumbatiana. Haukuisha. Uliongezeka. Kabla ya hapo niliitazama kadi kwa mbali, sasa nilikuwa nimeigusa na ikabidi niirudishe. Alisema, "Merci mingi, Mwelwa," akavaa miwani yake, akapiga teke pikipiki ikanguruma, akaenda. Nilisimama barabarani mpaka vumbi likatua, na nilikuwa namchukia, na kama angerudi ningempikia.

Kile kikaratasi, cha kwanza cha kadi kutoka pampu yetu, kilikwenda mjini na karatasi nyingine. Mwisho wa mwezi, siku chache kabla Kabaso hajapewa funguo, kifurushi kidogo kikaja kutoka kwenye kampuni ya mafuta. Ndani mlikuwa na kibati cha kubandika kwenye pampu, cha kuwaonyesha wenye kadi kwamba hapa wanahudumiwa na nani. Kilikuwa na jina moja tu. Mwelwa.

Bwana Barafu alikigeuza mbele na nyuma. Kabaso, msimlaumu, alisema yeye anaweza kuwa Mwelwa, kwani jina hilo huitwa wanaume na wanawake, na kampuni haitajua. Papa Ilunga alikuwa ameegemea lori lake akingoja petroli.

"Kampuni haitajua," akasema. "Shiye tutajua. Miye petroli yangu njo Mwelwa anachujaka. Kama si yeye, ninaenda kununua ng'ambo."

Madereva wengine wakaguna kukubali, nadhani zaidi kwa ajili ya ngozi yangu ya kuchujia kuliko kwa ajili yangu. Bwana Barafu alikuwa mfanyabiashara. Akaivua funguo shingoni mwa mume wangu, akasimama nayo, hakujua kama inafaa kumvalisha mke wa mtu. Nikaichukua mwenyewe nikajivalisha. Kabaso alipewa kazi ya utingo kwenye lori, na akawa utingo mzuri, maana huko ndiko watu wanakotazamwa.

Sasa mnajua nani alianza kuona wivu? Bashi Chileshe. Alikuwa anarudi na lori kutoka Congo, anaegesha, na kabla ya kunisalimia anakitazama kile kibati. Jina lake halikuandikwa hata kwenye mlango wa lori. Siku moja nilimkuta anakisugua kwa kitambaa, nikadhani anakisafisha, kumbe anajaribu kuona kama rangi inatoka. Nilicheka mpaka nikashika ubavu, kama yeye alivyocheka. Lakini jioni ile, tukila, aliniambia, "Mwelwa, niongezee samaki," na ilikuwa mara ya kwanza kulisikia kinywani mwake tangu siku za uchumba. Nikamwongezea.

Nilikaa kwenye pampu mpaka chupa ya kioo ikaondolewa na umeme ukaja, mpaka Bwana Barafu akauza ua na kuondoka. Mbasela nilikomesha kwa pikipiki na boti ndogo. Wenye malori niliwaachia, mji ni mji wa samaki. Kila mwaka wakati wa likizo za shule za ng'ambo nilikuwa naangalia boti za Kilwa. Wenye kadi walikuja wengine, na niliwasoma wote majina yao, mmoja mmoja. Yeye hakupita tena kwetu. Nilitaka aje aone kibati, na pia nilitaka nimwulize amefika nayo wapi ile kadi ya jina lake, Tanganyika ilikuwaje, nani alimfungulia pampu huko. Jina langu lilikaa Kashikishi miaka yote hiyo, limepigiliwa misumari. Lake lilikuwa linatembea.

Basi ndiyo adabu niliyosema nitaisema baadaye. Mtu akikunyooshea kadi, usiichomeke kama unatia kuni jikoni. Lisome jina kwanza, ulitamke, mtazame. Amekuja na jina lake mpaka kwako. Kisha mwambie lako, hata kama limeandikwa kwenye koti, kwa sababu koti hawalisomi. Na umwachie nafasi juu ya tangi.

Juzi pale Nchelenge nilimgonga mjukuu wangu begani, nikamwambia anipe ile kadi kabla hajaitia mfukoni. Akaniuliza ya nini, Bibi. Nikamwambia nataka kuishika tu. Zile herufi siku hizi hazizami, ni laini, kidole hakipati kitu. Lakini nililisoma. Mama yake alimpa jina langu, na sikuwa nimewahi kuliona limeandikwa kwenye kadi. Nikamrudishia, naye akaliwasha gari. Nilimwonea wivu mpaka tulipofika nyumbani.